Harufu ya siki

Jana namimina siki kwenye achari ya embe, binti yangu akaingia jikoni kaziba pua, "mama nini hiki!", nikacheka mpaka nikakaa kwenye mbuzi.

Harufu ile ilinirudisha 2018, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14 ndo kwanza inaanza na Ngamiani nzima, kwetu Tanga, wanasema watoto wanafungwa vizazi. Gari la matangazo likapita Barabara ya 12, spika inakoroma: saratani ya mlango wa kizazi inaua, njooni mpime bure. Shangazi (kanizidi miaka 12 tu) akaacha kuchambua mchele. "Wamsikia? Inaua. Sasa mie nikapime kifo?" Kwake yeye donda likichokozwa linaamka. Nikambembeleza siku tatu, akakubali kunisindikiza, basi.

Foleni tuiache. Nimelala, magoti juu, kanga imenifunika, macho kwenye feni iliyokosa panga moja. Nesi akafungua chupa, ikaja harufu ya achari kabisa, ile ya kwetu, tumbo likanguruma, na aibu yangu yote ile nikamuuliza dada, mnakula saa hizi? Akacheka, akanionesha pamba. "Siki hii mama. Tunapaka kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri dakika moja, pakiwa peupe ndo tunapatilia mashaka." Siki! Miaka yote nawaza visu na mashine. Dakika ile ilipita foleni yote kwa urefu, namtazama usoni tu, akakunja nyusi nikajua nimekwisha, kumbe mbu. "Uko salama."

Nikatoka mbio, shangazi ni siki tu! Yuko kwenye benchi kakumbatia mkoba wangu, juu ya kichwa chake bango lenye picha ya donda jekundu kubwa, sijui nani aliona lile ndo litawaita watu. "Twende mwanangu. Waliopelekwa Dar mtaani kwetu nawajua wote, nani karudi?" Nikamwambia walichelewa, wangewahi, pale penye weupe pangegandishwa kwa baridi mapema wakarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kimya. Tumeshapanda bajaji ndo akaniuliza:

"Siki hii hii ya dukani?"

Nikadhani nimempata. Kesho yake akasema mguu unamuuma, wiki iliyofuata kuna arusi, na mie nikachoka kuuliza, au niliogopa, sijui. Mpaka leo hajapima na mzima wa afya, anatembea sokoni kunishinda.

Achari hii yenyewe ni yake. Kapiga simu asubuhi, nikataka kulianzisha, akaniwahi: "Usizidishe siki."