Kinda wa Bluu Nyumbani kwa Ami

Ami yangu alikuwa akifuga chiriku wa Gould nyumbani kwake Seeb, nje kidogo ya mji wa Muscat, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni. Mwaka 2011, nilipofikia kwake kutoka Unguja kwa ajili ya masomo, niliikuta kazi aliyoianza muda mrefu kabla yangu ikikaribia kuzaa matunda: alitaka kupata kinda wa bluu kutokana na jozi ya ndege wa kijani.

Chiriku wa Gould asili yake ni kaskazini mwa Australia. Mgongo wake ni wa kijani, kifua cha zambarau, tumbo la manjano, na kichwa chake porini aghalabu huwa cheusi, pengine chekundu, na kwa nadra sana huwa cha manjano inayoelekea rangi ya machungwa. John Gould alimpa jina hilo mwaka 1844 kwa kumkumbuka mkewe, Elizabeth, mchoraji wa ndege aliyekuwa amefariki mwaka 1841, na mimi sijaona jina la ndege lililotolewa kwa haki zaidi ya hilo. Australia ilipofunga mlango wa kuuza ndege wake nje mwaka 1960, wafugaji wa nchi nyingine walibaki na uzao wa wale waliokwishatoka. Kwa hiyo suala la nani ni ndugu wa nani, katika ufugaji huu, si la kupuuzwa hata kidogo.

Bluu hupatikana kwa kuondoa, wala si kwa kuongeza. Umbile la manyoya ya mgongo hurudisha mwanga wa bluu, na ndani ya manyoya hayo hayo mna rangi ya manjano. Viwili hivi vikikutana, jicho huona kijani. Jeni ya bluu huifuta manjano pamoja na wekundu, kwa hiyo mgongo hubaki bluu, tumbo huwa jeupe, na kichwa kilichopaswa kuwa chekundu hufifia na kuwa kama rangi ya mchanga. Jeni hiyo hujificha: ndege asipoirithi kwa baba na kwa mama pia, hubaki kijani kama wenzake, huku ameibeba bila mtu kumtambua. Haifuati jinsia. Katika hilo ni tofauti na jeni ya kichwa cheusi, ambayo dume anaweza kuificha nyuma ya wekundu lakini jike hawezi, kwa kuwa kwa ndege ni jike mwenye kromosomu moja tu inayoibeba jeni hiyo, na dume anazo mbili.

Njia ya mkato iliyotumiwa na wengi ilikuwa kumwoza ndege wa bluu kwa dume au jike wa kijani, kisha kuwarudisha watoto kwa mzazi wao au kuwaoza wao kwa wao. Bluu ilipatikana upesi, lakini vizazi vilivyofuata vilikuwa na miili midogo, mayai mengi yasiyoanguliwa, na majike waliokufa wakiwa na yai tumboni. Ami aliikataa njia hiyo tangu mwanzo. Alinunua ndege wawili wa bluu kutoka kwa wafugaji wasiojuana, akamwoza kila mmoja kwa ndege wa kijani mwenye mwili mkubwa na nasaba tofauti, akapata koo mbili za makinda wa kijani ambao wote, kwa hesabu ya urithi, walikuwa wanaibeba bluu. Kila ndege alikuwa na ukurasa wake katika daftari lenye jalada jeusi, pamoja na namba ya pete ya mguuni. Nilipofika, alikuwa amekwisha kumchagua dume wa ukoo mmoja na jike wa ukoo wa pili.

Novemba, joto lilipopungua, aliwatia pamoja. Mdomo wa jike ulikuwa umeanza kuwa mweusi, dalili kwamba yuko tayari, na dume alikuwa akirukaruka wima juu ya kijiti na kumwimbia kwa sauti ndogo mno, kiasi kwamba ilinibidi nizime feni ndipo niisikie. Kazi yangu ilikuwa chakula: mawele, mbegu za nyasi zilizoloweshwa mpaka zikachipua, yai la kuchemsha lililopondwa na ganda lake, na mifupa ya dome tuliyoiokota ufukweni, ambayo jike huitafuna kwa ajili ya chokaa ya mayai.

Jike alitaga mayai matano. Wafugaji wengi huyachukua mayai ya chiriku wa Gould na kuyaweka chini ya chiriku wa Bengali, ndege mpole sana anayelea makinda wa yeyote. Ami hakuwalaumu, ila aliona kwamba ukoo usioachiwa kulea mwishowe husahau kulea.

“Mwache mama alee, mwanangu,” aliniambia. “Akishindwa, hilo nalo tutaliandika.”

Hakushindwa. Waliatamia kwa zamu mchana, na usiku alilala jike peke yake; baada ya wiki mbili hivi tulisikia milio. Siku ami aliponiruhusu kuchungulia kwa tochi, niliona kitu ambacho hadi leo nakihesabu kuwa miongoni mwa vitu vizuri kabisa nilivyopata kuviona: pembeni mwa midomo ya makinda wale, waliokuwa uchi na vipofu, mlikuwa na vinundu vya bluu vinavyorudisha mwanga kama shanga, ili wazazi waione midomo ndani ya giza la kiota. Makinda wote wa aina hii wanavyo, wa kijani na wa bluu sawasawa, kwa hiyo havikutuambia lolote kuhusu rangi.

Ilipofika siku ya kuvisha pete, ami alizipaka kwanza wino mweusi. Jike anayependa usafi huweza kuiona pete inayong’aa kuwa ni uchafu, akaivuta na kumtupa kinda nje pamoja nayo.

Rangi ilijulikana manyoya yalipoanza kupasua ala zake. Makinda wanne walikuwa na migongo ya kijani iliyofifia, na mmoja alikuwa wa kijivu chenye bluu, bila tone la ukijani popote. Ami alimshika kiganjani kwa muda mrefu, akasema “Alhamdulillahi,” akamrudisha, kisha akafungua daftari.

Habari haikukaa ndani. Kabla makinda hawajajifunza kula wenyewe, alikuja bwana mmoja mfugaji, akataka kununua wa bluu pamoja na mmoja wa ndugu zake wa kijani, kwa bei ambayo ingelipia umeme wa chumba kile kwa kiangazi kizima.

“Sheikh, nipe hawa wawili tu, wewe unayo jozi yenyewe,” alisema.

“Hawa ni tumbo moja, ndugu yangu,” ami alimjibu. “Ukitaka wa kijani, chukua mmoja, lakini mtafutie mwenza kwingine.”

Alimweleza kwamba kila mmoja wa wale wanne alikuwa na nafasi mbili katika tatu za kuibeba bluu, na kwamba ndege wa namna hiyo, akiwa na afya, ndiye mtaji wa mfugaji kuliko yule wa bluu mwenyewe. Bwana yule alikunywa kahawa, akaaga kwa heshima, hakuchukua ndege. Nilikuwa kijana mwenye kuijua thamani ya fedha ile, na hata hivyo niliamini pale pale kwamba ami alikuwa na haki, sijabadili maoni.

Kinda wa bluu alimaliza kubadili manyoya kabla ya mwaka kutimia, akadhihirika kuwa dume mwenye kifua cha zambarau iliyokolea na mwili usiopungua wa ndugu zake. Novemba iliyofuata ami alimwoza kwa jike wa kijani aliyemtafuta mbali, asiye na bluu katika ukoo wake wote. Makinda wa msimu ule walitoka kijani watupu, kama alivyokusudia, na kila mmoja akapewa ukurasa wake.