Dada wa mradi

Jumanne jioni, Makambako.

Leo nimemsindikiza mama mdogo kliniki. Baridi ya Juni huku haina mchezo, kajifunga vitenge viwili juu ya sweta. Alipotoka dirisha la dawa akafanya kile anachofanya siku zote: akafungua kopo, akashindilia pamba juu ya vidonge, akafunga. "Visije vikalia kwenye bodaboda." Miaka 19 yuko kwenye dozi na bado hataki kopo limseme. (Kaniruhusu kuandika, ila jina lake nisitaje.)

Alianza 2006. Serikali ilikuwa imeanza kugawa ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, bure Oktoba 2004, na fedha nyingi zilitoka nje: Mfuko wa Dunia, na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI alioutangaza Rais Bush Januari 2003. Sisi nyumbani hayo hatukuyajua. Tulijua tu kwamba mtu akisemwa "kakanyaga waya", kinachofuata ni msiba. Mama mdogo alipelekwa kuanza dawa kwa mkokoteni. Desemba ile alikuwa shambani anapanda viazi. Vile vidonge vya mwanzo, vyenye stavudine, vilimla mashavu na kumchoma nyayo mpaka akabadilishiwa. Siku hizi ni kimoja tu, baada ya taarifa ya habari.

Lakini ukimuuliza nani kamfikisha hapa, kidonge hakitaji. Anamtaja dada wa mradi.

Alikuwa binti wa kawaida, ana baiskeli, daftari na simu ya tochi, analipwa na shirika lililoendeshwa kwa fedha za Wamarekani. Ukipitisha tarehe, anapiga. Usipopokea, anakuja. Mwaka 2011, watu walipokuwa wanamiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, mchungaji mstaafu aliyedai dawa yake ya mitishamba inaponya hata UKIMWI, kwa shilingi 500, mama mdogo alishauza magunia mawili ya viazi apate nauli. Dada akaja, akakaa kwenye kigoda, akala ugali wetu. Hakubishana. Alipoinuka akasema, "Nenda ukanywe mama, ila kopo uende nalo." Akaenda, akanywa, na dozi hakuacha. Jirani aliyepanda naye gari moja aliacha. Tulimzika mwaka uliofuata.

Januari 20, 2025, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye dada akapata ujumbe kwenye simu kwamba asiende kazini. Baadaye Marekani iliruhusu huduma za kuokoa maisha ziendelee, na hapa kwetu dawa hazikukatika. Walikatika watu. Meza yake imewekewa maboksi.

Kidonge kinahesabika, kinaingia kwenye ripoti. Kula ugali na mgonjwa anayetaka kwenda kwa Babu kungeandikwa safu gani? Na lawama zote simtupii Mmarekani, katulipia zaidi ya miaka 20. Huu mkoa wetu wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022/23, na miaka yote hiyo hatukuona haja ya kumwajiri binti huyo wenyewe.

Tumepita kwake stendi. Anakaanga viazi. Akafuta mikono kwenye kanga, akamwinamia mama mdogo.

"Wamekupa ya miezi mingapi?"

"Sita."

"Basi Desemba." Akarudi kugeuza viazi vyake.