Kisha Ndipo Akaimba Vizuri

Wiki hii mdogo wangu ameolewa, wageni wa Pangani na Unguja wamekuja na kuondoka, nami nimemkabidhi mpwa wangu hesabu za duka la Baba ili mwezi ujao nianze kazi Dar es Salaam. Lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno machache ya Baba.

Nilikuwa nikisikiliza Control (yaani kujitawala), albamu ya mwimbaji wa Marekani Janet Jackson ya mwaka 1986, katika kaseti ambayo Baba Mdogo aliileta enzi za ubaharia wake. Baba akasimama mlangoni, akauliza, "Huyu si ndiye aliyemwachisha baba yake kazi?" Nikajibu, "Ndiye, Baba." Akanyamaza kidogo, akasema, "Kisha ndipo akaimba vizuri," akachukua kofia yake akaenda msikitini.

Je, alikuwa akiuliza au akinishutumu? Nimeirudia sauti yake mara nyingi, naye alipolitamka lile "ndipo" hakulipandisha wala hakulishusha. Kama ni shutuma, ana haki ya kuitoa. Joseph Jackson, baba yake Janet, aliendesha winchi katika kiwanda cha chuma, akalea watoto tisa katika nyumba ndogo mjini Gary, Indiana, na ndiye aliyemtafutia binti yake mkataba na kampuni ya muziki ya A&M akiwa na miaka 16. Baba, ambaye duka lake limetokana na mizigo aliyoibeba bandarini, anaujua uzito wa jambo hilo. Tena yule binti aliolewa kwa siri mwaka 1984, ndoa ikabatilishwa mwaka uliofuata, na ni baada ya hapo ndipo alipomwondoa baba yake katika usimamizi wa kazi zake. Nilipoyapanga mambo hayo kama Baba angeyapanga, niliumia zaidi.

Jana usiku, wote walipokwisha kulala, niliisikiliza tena, na moyo wangu ukageuka. Albamu zake mbili za awali, ya 1982 na ya 1984, ziliimbwa na binti huyu huyu, kwa sauti hii hii nyembamba, lakini aliimba aliyopewa na wengine. Jimmy Jam na Terry Lewis, watayarishaji wa Control, walitaka aende kwao mjini Minneapolis, mbali na familia, na siku za mwanzo hawakurekodi chochote. Walizunguka naye mjini wakizungumza, hata akauliza kazi itaanza lini, nao wakamwonyesha mashairi yaliyotokana na mazungumzo yake mwenyewe. Nyimbo 7 kati ya 9 za Control zina jina lake miongoni mwa watunzi. "Nasty" ilitokana na wanaume waliomsumbua njiani karibu na hoteli yake. Na wale wawili hawakumlazimisha awe na koo kubwa ambalo hakujaliwa: waliiacha ngoma ya mashine igonge kwa ukali, vinanda vya umeme vikate huku na huku, kisha sauti yake ikapita katikati bila kupiga kelele, na kila neno likasikika. Mwezi wa Oktoba 1986 "When I Think of You" ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard ya nyimbo zinazovuma Marekani, wimbo wake wa kwanza kufika huko.

Kwa hiyo jibu ninalotaka kumpa Baba ni refu kuliko lile "Ndiye." Nataka kumwambia kwamba sauti aliyoigundua yule mzee ilikuwepo tangu mwanzo, na kwamba kilichobadilika ni kuwa mtu alimuuliza binti ana jambo gani la kusema, kisha akatulia kumsikiliza. Nataka pia asikie "Let's Wait Awhile," kwa sababu sidhani kama anajua kwamba katika albamu hii ya kujitawala, msichana anamwomba mpenzi wake wasifanye haraka, wavute subira. Baba angeupenda wimbo huo, nina hakika.

Shida ni kwamba wimbo huo uko upande wa pili wa kaseti, na upande huo redio yetu imeanza kuumeza. Kesho nitampelekea fundi kabla Baba hajarudi kutoka dukani.