Hatunyanyui mguu

Mama alicheka. Si kicheko cha furaha, ni kile cha kumsitiri mtu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tuonyeshe "Bamvua", ngoma niliyoihangaikia karibu mwaka mzima wa 2013, nami nilikuwa nimemtoa kijijini Paje, Zanzibar, kwa daladala mpaka mjini aje aione kabla ya watu.

Ngoma yenyewe ilikuwa yake, ingawa sikumwomba ruhusa. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, nami nimekua nikimwona akienda na kurudi nacho. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hukupwa mbali kabisa, na wanawake wana saa chache tu za kufunga mwani kabla maji hayajarudi. Nilipokwenda kusoma Bagamoyo nikafundishwa sindimba, nikafundishwa na dansi ya kisasa, lakini kila nikiambiwa nibuni kitu changu, mgongo uliinama wenyewe. Nilijua umetoka wapi.

Basi nikajaza mateso. Wachezaji wanne, migongo chini, wanaruka na kuanguka kila maji "yanapojaa", na juu yake kinanda cha huzuni. (Kile kinanda naona haya nacho mpaka leo.)

"Haya, na hawa ni nani?" mama akauliza.

"Ni nyinyi, mama. Mnafunga mwani."

"Sisi? Sisi tungerukaruka hivyo, mwanangu, taa wangeshatumaliza zamani."

Akavua ndara, akapandisha kanga, akaingia katikati ya ukumbi. Baharini, akasema, hatunyanyui mguu. Taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani. Ukimkanyaga kwa juu anakuchoma kwa mwiba wa mkia, lakini ukiburura unyayo unamgusa ubavuni, naye anakimbia. Akaenda hivyohivyo, kisigino hakiachi saruji, shwaa, shwaa, huku mikono ikifunga taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu za mwani, ambazo hazipo: mbegu, fundo, shubiri moja, mbegu nyingine. Mikono ile haikuwa na huzuni hata kidogo. Ilikuwa na haraka. Na mdomo nao haukutulia: alikuwa anamsengenya jirani yetu mmoja, habari ya sufuria aliyoazima tangu Ramadhani, kana kwamba anaongea na mwenzake wa kamba ya pili. Wachezaji wakashika mbavu.

Miaka yote ile nilikuwa nimemtazama kutoka ufukweni. Kwa mbali, mtu aliyeinama huonekana kama analia.

Usiku uleule kinanda kikatoka, na miruko yote ikatoka. Zikabaki nyayo nane juu ya saruji, na umbea wa chinichini ambao watazamaji wangelazimika kutega sikio waupate. Magoti yaliwauma vibaya sana, maana kuburura mguu umeinama kwa dakika ishirini si mchezo. Mchezaji mmoja, aliyekuja kwa ajili ya miruko yake, alisusa siku tatu.

Siku ya onyesho mama alikaa safu ya mbele na shoga zake wawili kutoka Paje. Shwaa, shwaa. Ukumbi kimya. Habari ya sufuria ilipofika, shoga wa kushoto akamgeukia mama, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya pazia:

"Ni mie huyo?"