Nilivyopanga bustani ya uani kwa kufuata upepo

Mamangu alipopata nafasi uani kwake Kisauni, alinitaka jambo moja tu: akikaa barazani baada ya magharibi, harufu ya maua imfikie pale alipo. Hakutaja rangi wala nyasi. Kwa hivyo mchoro wangu nikauanzia kwenye upepo.

Mombasa pepo zetu ni mbili, na kila mtu anazijua. Kaskazi huvuma tangu kama Disemba hadi Machi, ikitoka kaskazini mashariki, na ndio wakati wa joto. Kusi hushika Aprili, masika yakiingia, ikatoka kusini mashariki na kuvuma kwa nguvu. Uani kwa mamangu kunaelekea mashariki, basi pepo zote mbili lazima zipite juu ya bustani kabla ya kufika barazani. Nilitandika kamba na vijiti, nikachora mistari kwa majivu, kisha kila jioni nikawa natazama nguo kwenye kamba zinapepea upande gani.

Upande wa kaskazini mashariki, karibu na baraza, nikaweka asumini. Asumini hupenda joto, na vikonyo vyake hufunguka usiku, hivyo mamangu huvichuma jioni vingali vimefumba, akaviweka kwenye sahani. Pembeni yake mrihani mwingi, maana kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, bila mrihani hakikamiliki.

Pembe ya kusini mashariki ilihitaji mmea mgumu, kwa sababu kusi huja na chumvi ya bahari. Hapo nikapanda mkadi. Ni mti wa pwani hasa, chumvi haiushtui. Majani yake yana miiba, kwa hivyo uwekwe mbali na njia ya watoto. Na jambo ambalo wauza miche wengi hawalisemi: ua lenye harufu ni la mkadi dume. Usinunue mche usiojua asili yake. Omba chipukizi kwenye mkadi ambao umeuona ukitoa maua. Wetu tulipewa na jirani.

Mlangilangi ndio ulionifikirisha zaidi. Harufu yake hufika mbali, lakini matawi huvunjika upesi kwa upepo mkali, na ukiachwa hurefuka kupita paa. Niliuweka kusini mwa baraza, ambako ukuta wa jirani unaukinga, na nikaamua utakatwa kichwa mapema ili maua yabaki mahali mkono unafika.

Mpakani nikazungusha mhina. Hustahimili ukame, hukatwa ukawa uzio mzuri, na majani yake hayatupwi nyumba yenye mabinti.

Udongo ndio kazi kubwa. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe, wenye chokaa nyingi, na chokaa hiyo huzuia mmea kupata madini ya chuma: utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Mdimu na asumini huumia haraka. Kwa kila shina nilichimbisha shimo la futi mbili kwenda chini, fundi akitumia mtaimbo, tukajaza udongo mwekundu, samadi iliyooza na majani makavu. Kila mwaka huongezwa majani juu. Moyo nilipewa na Haller Park, Bamburi. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo matupu ya mawe ya saruji, na mvinje ukaota palipokuwa hapana udongo kabisa. Majongoo wakala majani yake yaliyodondoka, udongo ukajitengeneza. Ikiwa pale paliota msitu, uani hapawezi kutushinda.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hivyo asumini na mlangilangi hunyweshwa ya mfereji au ya kuoshea mchele. Mkadi na mhina hupewa ya kisimani. Tulipanda masika yalipoanza, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Sasa mamangu anataka mkomamanga karibu na mlango wa jikoni, nami nimeshaanza kutazama jua hupiga wapi adhuhuri.