Mmoja Tu wa Kutofautiana na Wengi

Shinikizo la kufanana na wengine ni nadra kuja kama amri. Mara nyingi huja kama kimya kinachotanda baada ya mtu kutoa maoni yasiyotarajiwa, kama swali la ndoa linalorudiwa na jamaa kila wanapokutana, au kama sifa anazomiminiwa yule aliyeshika njia iliyozoeleka. Kwa kuwa hakuna anayelazimisha waziwazi, mtu huweza kuishi miaka mingi akiamini kwamba kazi anayoifanya na misimamo anayoitetea ni hiari yake mwenyewe.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Marekani, ambayo hadi leo hunifikirisha. Kijana mmoja aliketishwa pamoja na watu ambao, bila yeye kujua, walikuwa wameelekezwa kutoa jibu moja lisilo sahihi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kutaja ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana kwa urefu na mstari wa mfano. Watu waliojibu bila kundi karibu hawakukosea kabisa. Mbele ya kundi, takriban theluthi moja ya majibu ilifuata kosa la wengi, na karibu robo tatu ya waliojaribiwa walikubaliana na kosa hilo walau mara moja. Baadhi yao walieleza baadaye kwamba jibu sahihi walikuwa wakiliona, ila hawakutaka kuonekana tofauti.

Sehemu ya majaribio hayo inayotajwa kwa nadra ndiyo ninayoithamini zaidi. Alipokuwepo mtu mmoja tu aliyetoa jibu sahihi, makosa ya kufuata mkumbo yalishuka hadi karibu robo ya kiwango cha awali. Na hata pale mtu huyo alipotofautiana na kundi kwa kutoa jibu bovu zaidi kuliko la wengi, kijana aliyejaribiwa bado alipata ujasiri zaidi wa kusema alichokiona. Kilichomfungua hakikuwa hekima ya mwenzake, bali kuvunjika kwa ule umoja wa sauti uliomfanya ajione peke yake.

Kwa hiyo siafiki wanaodai kwamba kuishi kwa ukweli wa nafsi ni ubinafsi. Anayesema kwa utulivu kikaoni kwamba hakubaliani, au anayekiri mbele ya familia kwamba hana haja na maisha aliyopangiwa, huenda ndiye anayempa nafasi mwingine aliyeketi pembeni akidhani kwamba shaka ile ni yake peke yake. Wala hilo halihitaji ukali, kwani inawezekana kabisa kuwaheshimu wazee, kushika adabu na kutimiza wajibu, huku mtu akikataa kutamka asichokiamini.

Hata hivyo, wapo ambao riziki yao, makazi yao au usalama wao umo mikononi mwa wale wale wanaowashinikiza, na si haki kuwaita waoga kwa sababu wamenyamaza. Kwao, jambo la kwanza linaweza kuwa kumpata mtu mmoja anayetunza siri, wakazungumza naye bila kujificha, huku wakijijengea taratibu uwezo wa kujitegemea utakaowaruhusu siku moja kusema hadharani.