Mlango Uliosomwa kwa Vidole

Mwanzoni mwa mwaka 2019, kikundi chetu cha watu wenye ulemavu hapa Mombasa kilipewa ukumbi wa chini katika nyumba moja ya Mji wa Kale ili tuandae maonyesho ya utamaduni wetu. Nasema utamaduni kwa kukusudia, kwa sababu wengi waliokuja kutusaidia walidhani kazi ingekwisha mara tu tutakapojenga njia ya mteremko mlangoni. Njia hiyo tuliijenga, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, maana mimi hutumia kiti cha magurudumu na vizingiti vya mitaa ile navijua tangu utotoni. Fort Jesus iliyo jirani ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa nia ya kuwazuia watu wasiingie, na kwa kuwa imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, mawe yake hayaguswi ovyo. Ukumbi wetu haukuwa na udhuru wa aina hiyo.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kile ambacho mgeni angekikuta akishaingia. Mbunifu kijana aliyejitolea kupanga chumba cha kwanza alipendekeza kitiwe giza totoro, wageni wapite wakipapasa, watoke wakiujua upofu. Mzee mmoja asiyeona, ambaye alifundisha breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, kwa miaka mingi, alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu,” akamwambia, “huyo mgeni wako atatoka akiijua hofu yake tu. Mimi siishi gizani. Naishi Mji wa Kale.”

Kesho yake alitutembeza vichochoroni. Fimbo yake ilipogonga mawe ilitoa mlio mmoja kando ya ukuta na mwingine penye uwazi. Harufu ya kahawa na tangawizi ilimwambia amefika kwenye kona gani, na upepo wa bahari uliompiga shavuni ukamwonyesha pa kugeukia. Tulirekodi sauti za mwendo ule wote. Chumba kikabaki na mwanga wake, kuta zikawekwa mawe ya matumbawe na mbao za kushikwa, na mgeni akafuata njia ya mzee kwa masikio, pua na viganja. Hakuigiza upofu; alijifunza ujuzi wa mtu.

Katikati ya chumba tulisimamisha mlango mdogo wa Kiswahili wenye mfaa wake, yaani mbao ya wima ya katikati, uliochongwa maua na fundi wa mtaani. Fundi alichonga pia maneno ya breli, lakini kwa kutaka yapendeze alizikuza nukta zikawa kama punje za mahindi. Mzee alipitisha kidole, akasita, akarudi nyuma. Alieleza kwa upole kwamba herufi ya breli, yenye nafasi 6 za nukta, lazima ienee yote chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Ikizidi hapo msomaji anabaki na vinundu, neno halipo. Fundi akaketi naye, akachonga upya, kila mstari ukisomwa kabla ya kuendelea na mwingine.

Chumba cha pili kilikuwa cha vijana viziwi. Walitandika jukwaa la mbao juu ya ngoma ili mdundo upande kutoka nyayoni, na binti mmoja akasimulia kwa Lugha ya Ishara ya Kenya jinsi kila mwanafunzi wa darasa lao alivyopewa jina lake la ishara. Waliohitaji mkalimani pale ni wanaosikia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unautambua utamaduni wa viziwi waziwazi katika kifungu cha 30, na Katiba ya 2010 inaiagiza Serikali kuikuza lugha hiyo pamoja na breli. Hata hivyo, wageni kadhaa walituambia kuwa hawakuwahi kuona viziwi wakisimulia jambo lao wenyewe mbele ya hadhira.

Kabla ya kufungua tulibandika kila chumbani majina ya waliokitunga, kwa wino na kwa breli. Katika chumba cha kwanza jina la mzee lilitangulia la mbunifu, na mbunifu mwenyewe ndiye aliyetaka liwekwe hivyo.